Fundi aliyenihesabia vifaa vya Wi-Fi nyumbani kwangu Shangani, Mtwara

Kwa muda wa miezi miwili hivi tulikuwa tukiilalamikia intaneti ya nyumbani kwetu Shangani bila kujua wa kumlaumu ni nani. Asubuhi ilikwenda vizuri na mchana haikuwa na neno, lakini ikifika saa tatu usiku picha ya luninga ilianza kuganda, na binti yangu, ambaye anasoma chuo kwa njia ya mtandao, alikuwa akikatikiwa katikati ya kipindi. Mtoa huduma tulipompigia simu alijibu kwamba laini ni nzima na kwamba kasi tuliyoilipia, yaani Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde), inafika kwenye ruta, kile kisanduku kinachogawa Wi-Fi, bila kupungua. Ndipo mume wangu alipofungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta akakuta orodha ya vifaa 15. Sisi, kwa kuhesabu vidole, tulikuwa na vinane.

Fundi wa kwanza tuliyemwita, ambaye siye ninayemwandikia hapa, aliitazama orodha ile kwa dakika tano, akatikisa kichwa, akasema tumeingiliwa na kwamba dawa yake ni ruta mpya ya shilingi 140,000, ambayo kwa bahati njema alikuwa nayo ndani ya begi. Ruta mpya ingekuja na nywila mpya, hilo sikatai, na pengine kwa siku kadhaa mambo yangetulia. Hata hivyo nywila hubadilishwa bure, na nilipomuuliza katika vile vifaa saba vya ziada kipi ni cha mwizi, alijibu, "Vyote, mama." Mmoja wa hao wezi, kama nitakavyoeleza, alikuwa taa ya barazani kwangu.

Fundi wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Ana duka dogo upande wa Chikongola, anatengeneza simu na kompyuta, na huwafuata wateja nyumbani kwa miadi. Jina lake silitaji kwa kuwa mwenyewe ameniomba hivyo. Yuko peke yake na kijana mmoja wa kumsaidia, na anasema kazi aliyonayo inamtosha. Kwa ziara ya nyumbani alinitoza shilingi 30,000 pamoja na nauli ya bajaji kwenda na kurudi. Tulikubaliana saa nne asubuhi, akafika saa sita kasoro robo, na taarifa ya kuchelewa niliipata nilipompigia mimi. Hilo ninalihesabu dhidi yake.

Alipoketi hakugusa kitu. Aliomba karatasi, akapiga mistari ya safu tano kwa kalamu ya wino, akaandika juu yake: jina lililo kwenye orodha, anwani ya MAC, mtengenezaji, kifaa chenyewe, mwenye kifaa. Kisha akaingia kwenye ukurasa wa ruta kwa anwani ya 192.168.1.1, akaniuliza nywila ya kuingilia. Nilimwambia imebandikwa chini ya ruta. "Mwalimu," akasema, "hiyo kila aliyewahi kuinua ruta hii kufuta vumbi anaijua." Tukaibadilisha hapo hapo, kabla ya lolote lingine. Wengi wetu hatujui kwamba nywila ya Wi-Fi na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta ni mbili tofauti, na kwamba anayeishika hii ya pili anaweza kubadilisha ile ya kwanza apendavyo.

Kazi ya kutambua vifaa ilichukua karibu saa mbili, na ndiyo iliyonishawishi kuandika haya. Kila kifaa kinachojiunga na Wi-Fi kina anwani ya MAC, ambayo ni tarakimu na herufi 12 zinazoandikwa mbili mbili. Sita za mwanzo hutolewa na taasisi ya IEEE ya Marekani kwa kampuni iliyotengeneza kifaa au sehemu yake ya Wi-Fi, kwa hiyo mtu akizitafuta kwenye sajili yao, ambayo iko wazi kwa umma, hupata jina la kampuni. Ugumu ni kwamba jina hilo mara nyingi silo lililoandikwa kwenye kasha. Kwenye orodha yetu vilikuwapo vifaa viwili ambavyo majina yake yalianza na ESP, na sajili ikasema mtengenezaji ni Espressif. Sijawahi kununua kitu chochote cha Espressif. Fundi akaniambia kwamba hiyo ni kampuni ya Shanghai inayotengeneza chipu za Wi-Fi zinazowekwa ndani ya taa, soketi na vifaa vidogo vya nyumbani vya bei nafuu, kisha akauliza kama tuna taa zinazowashwa kwa simu. Tunazo mbili, moja barazani na nyingine kwenye ngazi, ambazo mkwe wangu alizifunga alipokuja kutoka Masasi mwaka juzi, na tangu hapo tunaziwasha ukutani kama taa nyingine yoyote.

Ili kuthibitisha alimtuma binti yangu azime taa ya barazani kwenye swichi. Orodha ikabaki vilevile, na mimi nikaanza kumtilia shaka. Kumbe orodha ile ya kwanza ni ya anwani za mtandao, si zile za MAC, ambazo ruta imezigawa, na kifaa kikishapewa anwani jina lake huweza kubaki pale mpaka muda wa anwani hiyo uishe, ambao kwetu ulikuwa umepangwa kuwa saa 24. Akafungua ukurasa mwingine, unaoonesha vifaa vilivyounganishwa wakati ule ule kwa mawimbi, na huko ESP moja ilikuwa imeshatoweka. Taa ikawashwa, tukasubiri kidogo, ikarudi. Kwa mtu ambaye alikuwa amelala usiku kadhaa akifikiria wezi, nilijisikia mjinga kwa namna ya kupendeza.

Vingine vilipatikana kwa mtindo huo huo, kwa kuzima na kuwasha, na sitavisimulia kimoja kimoja. King'amuzi kilikuwamo kwa sababu mtu aliwahi kukiunganisha ili kuangalia mpira. Kamera ya banda la kuku nilikuwa nimeisahau kabisa, na kwa kweli hata kuku nadhani wameisahau. Simu ya zamani ya mume wangu, yenye kioo kilichopasuka, ambayo tuliamini imelala droo ya chini, ilikutwa mikononi mwa mjukuu.

Simu anayotumia sasa mume wangu ilionekana mara mbili, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa sababu ndilo huwaogopesha watu wengi. Tangu mifumo ya simu ya Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 (ya iPhone) ya mwaka 2020, simu janja zimekuwa na utaratibu wa kuuficha utambulisho wao kwa kutumia anwani ya MAC ya nasibu, yaani ya kubuniwa tu na simu yenyewe, katika kila mtandao zinaojiunga nao, ili mwenye Wi-Fi ya hoteli au ya stendi asiweze kumfuatilia mtu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mtumiaji anaweza kuuzima utaratibu huo katika mipangilio, na mume wangu, ambaye hapendi kuacha kitufe bila kukibonyeza, alikuwa ameuzima siku iliyotangulia. Hivyo ruta ilimwona kama watu wawili, mmoja mwenye anwani ya kiwandani na mwingine mwenye anwani inayoanza na DA. Fundi alinionesha namna ya kuitambua anwani ya nasibu kwa jicho tu: tazama alama ya pili, na kama ni 2, 6, A au E, basi anwani hiyo haikutoka kwa mtengenezaji na hakuna haja ya kuitafuta kwenye sajili. Nimeyatumia maarifa haya tangu siku ile zaidi ya nilivyowahi kutumia kanuni yoyote niliyofundishwa chuoni.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mojawapo ya zile programu za simu zinazoskani mtandao mzima kwa mguso mmoja, kwa kuwa mwalimu mwenzangu anayo na anaisifu sana. Alisema anayo pia, na inafaa kwa kutazama haraka, lakini matoleo ya karibuni ya Android na iOS yamezifungia programu za kawaida njia ya kusoma anwani za MAC za vifaa vingine, kwa hiyo programu hulazimika kukisia kwa majina ambayo vifaa vyenyewe vinajitangazia. Ruta haikisii, yenyewe ndiyo inayopokea na kutuma. Jibu hili lilinitosha, na ninawashauri wenye programu hizo wasiogope neno "hakijulikani" wanaloliona humo.

Kufikia saa nane mchana karatasi ilikuwa na mistari 14 iliyojaa na mmoja uliobaki. Kifaa hicho kilikuwa na jina la modeli ya simu ambayo kwetu hakuna anayeitumia, na anwani yake ilianza na 6E, yaani ya nasibu. Fundi akatuomba sote tuzime Wi-Fi kwenye simu zetu. Vifaa vikaanguka kimoja kimoja kutoka kwenye ukurasa, lakini hicho kikabaki. Kisha akanielekeza kwenye safu ya nguvu ya mawimbi. Vifaa vya sebuleni vilikuwa kwenye hasi 45 hadi hasi 55, na namba hizo kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Mgeni wetu alikuwa kwenye hasi 79. "Huyu yuko nje ya ukuta," akasema, akiuelekeza uso wake upande wa ua wa michongoma. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza, kwa sababu upande huo yuko jirani niliyeishi naye kwa miaka 19.

Hapa ndipo ninapomlaumu. Baada ya kazi nzuri namna ile ya kutambua, dawa aliyotoa ilikuwa nyepesi mno: aliingia kwenye sehemu ya kudhibiti vifaa, akaiweka anwani ile kwenye orodha ya waliozuiwa, akafunga kompyuta. Kwa siku mbili tulikuwa na raha. Siku ya tatu usiku luninga ikaganda, nikafungua ukurasa kama nilivyofundishwa, nikakuta kifaa kipya, na safari hii anwani yake haikuwa ya nasibu bali ya kiwandani, yenye jina la kampuni ya simu. Mwenye simu alikuwa amekwenda kwenye mipangilio yake na kuzima ile MAC ya nasibu, kama alivyofanya mume wangu. Kuzuia kwa MAC ni sawa na kumzuia mtu mlangoni kwa kuangalia kofia aliyovaa, na fundi aliyenifundisha habari za MAC za nasibu siku ile ile alipaswa kulijua hilo kuliko mimi.

Nilipompigia alikiri bila kubisha, akaja kesho yake saa mbili asubuhi, na hakuchukua hata nauli. Alisema alikwepa kubadilisha nywila ya Wi-Fi kwa sababu wateja wengi humlalamikia baadaye kwamba amewaharibia vifaa, maana nywila ikibadilika kila kifaa lazima kiunganishwe upya. Sababu hiyo naielewa sasa, kwa kuwa niliishuhudia. Simu zilichukua dakika chache, luninga robo saa ya kubonyeza herufi moja moja kwa rimoti, lakini taa mbili za mkwe wangu zilituchukua asubuhi nzima. Zinakubali masafa ya GHz 2.4 peke yake, simu zetu zilikuwa zinang'ang'ania GHz 5, na programu ya kuziendesha taa ilikuwa kwenye simu ya mkwe, huko Masasi. Ilibidi fundi ayatenganishe masafa hayo mawili kwa majina tofauti, tumpigie mkwe simu aziondoe taa kwenye akaunti yake, kisha tuzizime na kuziwasha mara kadhaa mfululizo mpaka zianze kupepesa. Ingekuwa mimi ningezing'oa na kuweka taa za kawaida.

Pamoja na nywila alizima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya tarakimu nane badala ya nywila. Nilidhani ni tahadhari ya kupita kiasi mpaka aliponieleza hesabu yake. Mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionesha kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili na kwamba tarakimu ya mwisho hutokana na zile zilizotangulia, hivyo mtu wa kubahatisha hahitaji kujaribu mamilioni ya namba. Majaribio 11,000 yanamfikisha, na kompyuta haichoki. Kuhusu usalama wa mawimbi yenyewe alituacha kwenye WPA2, mfumo wa zamani kidogo wa kuyafunga mawimbi kwa siri, kwa kuwa luninga yetu haiielewi WPA3, mfumo mpya zaidi ambao ulitangazwa mwaka 2018. Alilisema hilo wazi na kuliandika kwenye karatasi, jambo ninalolithamini.

Jioni ya siku ile ile, baada ya swala ya magharibi, kijana wa jirani alisimama uani. "Shikamoo Mwalimu. Nywila imebadilika?" Aliuliza kama mtu anayeuliza maji yametoka au bado. Nilimwitikia marahaba, nikamwita binti yangu, na ukweli ukatoka wote: mwezi wa sita alimwonesha kijana msimbo wa QR kwenye kioo cha simu yake ili apakue mitihani ya majaribio, na kijana akaupiga picha. Simu nyingi za siku hizi humwezesha yeyote aliyekwisha kuunganishwa kuitoa nywila kwa njia hiyo, bila hata kuijua. Hakuna aliyevunja kufuli. Tulimpa ufunguo tukasahau. Ninafahamu kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na yule fundi wa kwanza alikuwa ameshatutajia polisi, lakini sikuona kama mtoto aliyekaribishwa na binti yangu mwenyewe ni mtu wa kupelekwa huko.

Suluhisho lilikuwa tayari kwenye ruta, na nililipata kwa kumpigia fundi simu, bila malipo ya ziada: mtandao wa wageni. Una jina lake na nywila yake, walio ndani yake hawavioni vifaa vya nyumbani, na ruta yetu inaruhusu kuupunguzia kasi. Tumeupa Mbps 3 na tumeupangia uzime saa tatu usiku. Kijana anasoma huko, mama yake ameniletea kisamvu kwa ajili ya hilo, na msimu wa korosho ndugu wa Newala na Tandahimba watakapojaa nyumbani kila mmoja na simu yake, huko ndiko watakakopelekwa.

Jambo moja zaidi lilinikera. Katika ziara ya kwanza fundi aliipiga picha karatasi yetu kwa simu yake bila kuomba, ikiwa na majina ya watu wa nyumba hii na vifaa vyao. Nilipomuuliza alisema ni kwa ajili ya kumbukumbu iwapo nitampigia. Nilimwambia aifute mbele yangu, naye aliifuta. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, mafundi wanaoingia majumbani na kuona yote yaliyomo kwenye mitandao ya watu wanapaswa kuwa na adabu ya kuuliza kwanza, na mteja naye asione haya kumwomba fundi aoneshe alichohifadhi.

Nikitoa alama nampa nne kati ya tano. Ile moja nimeishika kwa ajili ya picha na ile dawa nyepesi ya ziara ya kwanza. Kuchelewa nimemsamehe, kwa kuwa ziara ya pili alinikuta bado sijamaliza chai. Anayemhitaji ampigie mapema, amwambie kabisa idadi ya vifaa anavyodhani anavyo, ahakikishe kila mwenye simu yupo nyumbani siku hiyo, na asimpange Ijumaa mchana. Kama una taa za kuwasha kwa simu, kwanza mtafute aliyezifunga.